Somo: Kupima kipenyo cha Jua kwa bomba la jora

Kila mwanafunzi wa sekondari hukariri kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Hukariri, huandika kwenye mtihani, basi. Mimi nataka waitumie kanuni hiyo. Kwa rula na bomba la kadibodi, kijana aliyesimama kwenye uwanja wa shule hapa Kisumu anaweza kupata ukubwa wa Jua mwenyewe, hata kama shule yake haina maabara.

Anza kwa kumtembelea muuza vitambaa, umwombe bomba la kadibodi linalobaki jora likiisha. Tafuta lenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Ongeza karatasi ya alumini ya kufungia chakula, sindano ya kushonea, karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita, selotepu na kiwembe.

Hatua ya 1. Funika mdomo mmoja wa bomba kwa alumini, uivute isiwe na makunyanzi, kisha uibandike. Itoboe katikati kwa ncha ya sindano. Tundu la milimita moja latosha.

Hatua ya 2. Ziba mdomo wa pili kwa karatasi ya grafu, upande wenye miraba uelekee ndani. Ubavuni, karibu na karatasi hiyo, kata dirisha dogo la kuchungulia. Pima umbali kutoka kwenye tundu hadi kwenye karatasi kwa milimita, uuandike juu ya bomba kwa kalamu nzito ili usipotee.

Hatua ya 3. Tokeni nje saa tatu au saa nne asubuhi. Huku ziwani mawingu hupenda kujikusanya alasiri, na mvua ya radi ikianza somo limekwisha. Mwenye kushika bomba alipe Jua mgongo, bomba likiwa begani au limeegemezwa kwenye dawati, tundu likiwa juu. Asilitafute Jua kwa macho. Atazame kivuli cha bomba chini na kuligeuza taratibu mpaka kivuli kiwe kifupi kabisa. Hapo tundu limeelekea Jua, na ndani ya dirisha kitatokea kiduara cheupe.

Onyo hili lisemwe kabla ya kutoka darasani, na lirudiwe nje: hakuna anayetazama Jua, si kwa jicho tupu, si kupitia tundu, si kwa darubini. Retina huungua bila maumivu, kwa hiyo mtoto hatajua kwamba anaumia. Tunatazama karatasi tu. Asiyeweza kulifuata hili arudi darasani, na hapo sina mjadala.

Hatua ya 4. Hesabuni miraba ambayo kiduara kimefunika kutoka ukingo hadi ukingo, kupitia katikati. Fanyeni haraka, kwa sababu kinasogea: katika muda wa dakika mbili hivi kitakuwa kimehama upana wake mzima. Usiwaeleze jambo hili mapema. Waache walione, kisha uwaulize ni nini kinachosogea, bomba, Jua au sisi. Watabishana, na ubishi huo una thamani kuliko maelezo yangu au yako.

Hatua ya 5. Sasa hesabu. Miali inayotoka kingo mbili za Jua hukutana tunduni, ikapishana, ikaendelea hadi kwenye karatasi. Hizo ni pembetatu mbili zenye umbo moja, kwa hiyo kipenyo cha kiduara ukikigawa kwa urefu wa bomba utapata uwiano uleule wa kipenyo cha Jua kwa umbali wake. Umbali wa Jua ni kama kilomita 150,000,000. Bomba likiwa na milimita 1,500 na kiduara milimita 14, Jua lina kipenyo cha kilomita 1,400,000. Wanaastronomia hutumia takriban 1,392,000.

Kaa hapo, usikimbilie mada nyingine. Kundi moja litasoma milimita 13, jingine 15, na kosa la milimita moja tu ni kilomita 100,000 kwenye jibu, karibu Dunia nane zikiwa zimepangwa mstari. Andika vipimo vyote ubaoni, hata vile vinavyoonekana vya ajabu. Uliza ni kwa nini vimetofautiana na nini kingepunguza tofauti hiyo. Wengine watataka bomba refu zaidi, wengine watalaumu ukingo wa kiduara ambao haukatiki vizuri, wengine watataka wastani. Wote wana hoja, na hakuna aliyeipata kitabuni.

Kwa Kidato cha Tatu, ambako hufundishwa kwamba mwanga hupinda ukipita kutoka kitu kimoja hadi kingine, huhitaji hata Jua. Weka sarafu ya shilingi 20, ile yenye ndovu, katikati ya karai. Mwanafunzi arudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mwenzake amimine maji polepole, sarafu isihame. Ndovu atajitokeza. Tumieni maji safi ya mfereji, kwani ya ziwa upande huu wetu yana tope mno. Kisha wapime kwa chombo kirefu chenye kuta angavu: maji ya kina cha sentimita 20 yataonekana kama yana 15, na 20 kwa 15 ni 1.33, ile namba iliyo kwenye jedwali lao, inayoonyesha maji hupinda mwanga kiasi gani.

Maswali ya walimu na wanafunzi

*Mwalimu, hongera kwa somo. Mimi niko Ahero, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sitini na bomba nimepata moja tu. Nifanyeje?*

Asante, mwalimu. Bomba moja halitoshi. Usipopata mengine, bandika makatoni ya dukani kwa urefu yawe mirija ya pembe nne. Kila kundi liwe na wanane: mmoja wa kushika, mmoja wa kusoma miraba, mmoja wa kuandika, mmoja wa kulinda macho ya wenzake, wengine wasubiri zamu. Kila mmoja asome angalau mara moja.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, Bungoma. Nilitoboa tundu la pembetatu lakini kiduara kilitokea mviringo. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea, umegundua jambo kubwa. Unachoona ni taswira ya Jua, si umbo la tundu. Sogeza karatasi karibu kabisa na tundu utaiona pembetatu yako. Ukiiweka mbali, umbo la Jua hushinda. Tazama chini ya mwembe asubuhi: mapengo kati ya majani hayana umbo maalumu, ila madoa ya mwanga ardhini ni ya mviringo. Tarehe 3 Novemba 2013 Jua lilipopatwa, na kwetu likafunikwa sehemu tu, tundu dogo la umbo lolote lilitoa hilali.

*Sisi huku Molo ukungu hutuamkia. Tunaweza kutumia mwezi au taa?*

Mwezi ni hafifu mno kwa tundu dogo hivyo. Tumia mshumaa ndani ya chumba chenye giza, na tundu kubwa kidogo. Mtaona mwali wa moto umepinduliwa, na umbali wa mshumaa mnaweza kuupima wenyewe, kwa hiyo mtajua kama uwiano unashika.

*Mwalimu, haya yanasaidia nini kwenye karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya vitendo, katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari?*

Yanasaidia sana. Tengenezeni mabomba matatu, ya sentimita 50, 100 na 150, yote yenye matundu ya ukubwa mmoja. Chorani grafu ya kipenyo cha kiduara dhidi ya urefu wa bomba. Mwinamo wa mstari utakuwa karibu 0.0093, yaani uwiano wa kipenyo cha Jua kwa umbali wake. Mstari hautapita kwenye sifuri: utakata mhimili wa wima mahali panapokaribia kipenyo cha tundu, kwa kuwa tundu huongeza upana wake kwenye kila kiduara. Mwanafunzi aliyekuwa anasoma milimita 15 kwenye bomba refu sasa ataona ni kiasi gani cha kutoa.