Nyumba ya Kupangisha Ikiharibika: Nani Alipe, na Utathibitishaje

Mgogoro wa uharibifu huamuliwa siku ya kukabidhi funguo. Kabla mpangaji hajaingia, piteni pamoja chumba kwa chumba na fomu ya ukaguzi: kuta, dari, sakafu, vitasa, vioo, koki, soketi, namba za mita. Piga picha zenye tarehe, ukianzia mlangoni kisha ukisogelea kila kasoro; picha ya ufa ambayo haionyeshi ufa uko chumba gani haina kazi. Nyote mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Anapohama, fomu ni ileile. Rangi iliyofifia ni uchakavu wa kawaida, mzigo wako wewe mwenye nyumba. Mlango uliotobolewa ni uharibifu. Hata hivyo usimtoze bei ya kitu kipya: zulia la kudumu miaka 10 likiwa limetumika 6, dai sehemu 4 kati ya 10 za gharama na uambatishe risiti. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake ikarabatiwe kwa amana ya mpangaji (fedha ya dhamana aliyoiweka) hujiharibia hata dai lake la haki.

Paipu ya maji ikipasuka, funga koki kuu. Kata umeme pia, ila kama njia ya kufikia swichi kuu imelowa, usiiguse, ita fundi. Piga picha kwanza, halafu kausha bila kuchelewa, kwani ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Paipu iliyopasuka usiitupe. Mkadiria hasara wa bima ataichunguza ajue kama ilipasuka ghafla au ilivuja kidogo kidogo kwa miezi. Hali hiyo ya pili bima nyingi hazilipi. Zuia hasara isiongezeke, lakini ukarabati mkubwa usubiri aje aone.

Bima ya jengo hailindi vyombo vya mpangaji, mwambie mapema. Kiwango cha bima kifuate gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuza. Jengo la kujengwa kwa milioni 100 ukilikatia bima ya milioni 60, mkataba wenye kipengele cha uwiano utakulipa asilimia 60 tu ya hasara, hata kama limeungua jiko peke yake. Soma pia masharti ya bima kuhusu nyumba kukaa tupu.

Mtu akianguka kwenye ngazi yako, swali kuu huwa: ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba ni mbovu? Kwa hiyo taka taarifa za ubovu kwa maandishi, na uandike tarehe uliyopokea, aliyetumwa na siku kazi ilipoisha. Taarifa iliyokaa wiki tatu bila jibu ni ushahidi dhidi yako. Msaidie majeruhi, mpe pole, chukua majina ya mashahidi, ijulishe bima siku hiyohiyo. Usikiri kosa wala kuahidi malipo. Mikataba mingi ya bima inakataza. Barua ya wakili wake ikifika, ipeleke kwa bima kabla hujaijibu.