Nani Wamefanya Kazi Kwenye Tawi la Mbali? Jinsi ya Kuwatafuta kwa Git

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haiweki katika historia hiyo kumbukumbu ya nani alianzisha tawi. Tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja (badiliko lililohifadhiwa), basi. Ukiulizwa "tawi hili ni la nani?", swali ambalo Git inaweza kukujibu ni hili: nani wameandika komiti zilizomo kwenye tawi hilo ambazo bado hazimo kwenye tawi kuu?

Katika mifano yangu tawi linaitwa malipo, tawi kuu ni main na seva ni origin. Badilisha kulingana na mradi wako.

Hatua ya 1: Leta hali mpya ya seva

`git fetch --prune origin`

Usipofanya hivi unasoma habari za zamani, kwa sababu origin/malipo iliyo kwenye kompyuta yako inaonyesha hali ya mara ya mwisho ulipowasiliana na seva. Huna haja ya kuhamia kwenye tawi lenyewe. Amri zote zinazofuata zinasoma tu. Faili zako haziguswi.

Hatua ya 2: Tupia jicho matawi yote

`git for-each-ref --sort=-committerdate --format='%(committerdate:short) %(authorname) %(refname:short)' refs/remotes/origin`

Utapata tarehe, jina na tawi, lenye komiti ya karibuni likiwa juu. Wengi huishia hapa, kisha wanamsumbua mtu asiyehusika. Jina hilo ni la mwandishi wa komiti ya mwisho peke yake. Pengine alisahihisha herufi moja akaenda zake. Tena, tawi lililofunguliwa bila kuongezwa komiti yoyote litaonyesha jina la mtu aliyeandika komiti ya mwisho ya main wakati huo, ambaye huenda hajui hata kama tawi hilo lipo.

Hatua ya 3: Hesabu waandishi

`git shortlog -sne --no-merges origin/main..origin/malipo`

Hii ndiyo amri yenyewe. Zile nukta mbili zina maana ya "zilizomo malipo, ukiondoa zilizomo main". Ukiandika origin/malipo peke yake, utahesabiwa historia nzima ya mradi, na mkongwe wa timu ataongoza kila tawi.

Mtu mmoja akitokea mara mbili kwa anwani mbili za barua pepe, weka faili la .mailmap kwenye mzizi wa mradi, lenye mstari kama huu:

`Jina Kamili <mpya@example.com> <zamani@example.com>`

Usiichukulie idadi kama kipimo cha kazi. Wapo wanaohifadhi kila mstari, na wapo wanaoleta wiki nzima kwa komiti moja.

Hatua ya 4: Tofautisha aliyeandika na aliyeingiza

`git log --date=short --format='%h %ad | %aN | %cN | %s' origin/main..origin/malipo`

Kila komiti ina majina mawili: %aN ni aliyeandika mabadiliko, %cN ni aliyeiingiza komiti kwenye historia. Mtu akifanya rebase ya kazi ya mwenzake (kuzipanga upya komiti zake juu ya msingi mwingine), jina la kwanza hubaki na la pili hubadilika. Ukiona "GitHub" kwenye safu ya pili, komiti ilitengenezwa kupitia tovuti yao.

Walioandika pamoja, wakatajwa kwa mstari wa Co-authored-by mwishoni mwa ujumbe wa komiti, hawaonekani katika hatua ya 3. Kuanzia Git 2.29 ya mwaka 2020 unaweza kuwajumlisha:

`git shortlog -sn --group=author --group=trailer:co-authored-by origin/main..origin/malipo`

Kumbuka kwamba majina haya kwa kawaida hutoka kwenye user.name, yaani mipangilio ya Git ya mtu mwenyewe, na kila mtu hujiandikia anavyotaka. Kama suala ni la usalama, usiyategemee: tazama kumbukumbu za push (nani alituma nini) kwenye seva, au sahihi za komiti kwa --show-signature.

Hatua ya 5: Kama tawi limeshaunganishwa

Hapo hatua ya 3 haitatoa kitu, maana komiti zote zimo main tayari. Tafuta komiti ya muunganisho:

`git log --merges --oneline --grep=malipo origin/main`

Chukua namba yake (herufi na tarakimu zilizo mwanzoni mwa mstari), uiweke mahali pa NAMBA:

`git shortlog -sne NAMBA^1..NAMBA^2`

Njia hii hufanya kazi hata kama tawi lilishafutwa. Ila kama lilibanwa kwa squash likawa komiti moja, main haina historia ya waliolifanyia kazi; fungua ukurasa wa ombi la kuunganisha (pull request), orodha ya komiti za awali kwa kawaida bado ipo huko.