Jinsi ya kumsaidia mtoto wa sekondari homuweki ya barua, shairi na historia bila kumwandikia

Kama una mdogo wako au mtoto wa form one au form two anayerudi na homuweki za Kiswahili na Historia, mimi na hawa wanafunzi wanaokuja kwangu jioni huwa tunafanya hivi. Andaa penseli, daftari kuukuu la kuchafua, na kitabu chake cha shule. Simu ikae mbali mpaka rasimu ya kwanza iishe, hapo sina mjadala, mana akishaingia gugo ananakili aya nzima afu ukimuuliza maana yake anakutazama tu.

Hatua ya 1: Swali
Alisome kwa sauti, afu akwambie kwa maneno yake anaulizwa nini. Akishindwa arudie, msiendelee kwanza.

Hatua ya 2: Barua
Muulize inakwenda kwa nani. Kama ni kwa shangazi yake, anwani ni moja tu, ya mtoto mwenyewe, juu kulia, na salamu ruksa. Kama anamwandikia mkuu wa shule kuomba ruhusa basi hiyo ni rasmi: anwani yake na tarehe kulia, ya mkuu kushoto, halafu "Ndugu," kisha YAH na kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Mwisho "Wako mtiifu," sahihi na jina. Hamna cha "hujambo, mimi sijambo". Na ile "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" mimi naifuta kila nikiiona, kichwa si kipo hapo hapo? Aseme anaomba siku ngapi, kuanzia lini, kwa sababu gani.

Hatua ya 3: Shairi
Kwenye tarbia ya kimapokeo (shairi la mistari minne kila ubeti) mshororo, yaani mstari, una vipande viwili, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Apige kofi kila silabi, asihesabu herufi. Wanapokwama ni kwenye m na n: "mtoto" ni m-to-to, mizani 3, lakini "mbegu" ni mbe-gu, 2 tu, na "nchi" ni n-chi, 2. Akishalijua hilo kwa mkono wake, vina, zile silabi za mwisho wa kipande zinazofanana, anaviona mwenyewe.

Hatua ya 4: Historia
Hapa msiwe na haraka, jioni nzima inaweza kuishia hapa. Chukua swali la sababu za Vita vya Majimaji, vile watu wa kusini mwa Tanganyika walivyopigana na Wajerumani. Karibu kila mtoto anaanza na "Kinjekitile aliwapa watu maji", na ukweli huyo mganga alitoa maji ya dawa kule Ngarambe, ila dawa haikuwa kilichowaudhi watu. Kwa hiyo chora safu tatu: kilichowaudhi, kilichowaunganisha, kilichofuata, na kila sentensi aliyoandika aiweke kwenye safu yake.

Kilichowaudhi: kulimishwa pamba kwa lazima huku mashamba yao ya chakula yakikosa watu, kodi ya kulipwa kwa hela, viboko vya maakida na majumbe, wale watawala wadogo waliowatumikia Wajerumani. Kilichowaunganisha: imani kwamba dawa itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, ndo mana Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro hadi Wangoni waliingia vita moja ingawa hawakuwa na mtawala mmoja. Julai 1905 kule Nandete watu waling'oa pamba, hiyo ndo cheche, na cheche aieleze kivyake asiichanganye na sababu.

Afu muulize: Kinjekitile alinyongwa Agosti 1905, mbona vita vilifika 1907? Mwache afikirie, usimjibie, mana akishaona kwamba watu walikuwa na hasira zao kabla ya dawa na baada ya yeye kunyongwa, insha inajiandika. Kwenye kilichofuata asiishie kwenye "Waafrika walishindwa". Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na Songea mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa. Idadi ya waliokufa vitabu vinatofautiana sana, wengine 75,000, wengine mpaka 300,000, kwa hiyo popote anapoweka namba atangulize "inakadiriwa".

Na angalizo kubwa: kama ameshasoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, asichukue maneno ya wahusika akayapeleka kwenye Historia kama ushahidi. Yale mazungumzo ameyatunga mwandishi. Kwenye Fasihi ndo mahali pake, na huko anukuu haswa, aseme nani kasema na kamwambia nani, kisha aeleze yanaonyesha dhamira gani. Dhamira tupu isiyo na mfano kutoka kitabuni mwalimu anaikata kwa kalamu.

Hatua ya 5: Kuandika safi
Anaandika yeye, wewe usishike kalamu. Ukiona kosa weka nukta ya penseli pembeni ya mstari, alitafute mwenyewe.