Somo: Kuchora ramani ya Sabaki mtandaoni, watu waiguse na kuiongezea

Maji mekundu tunayoyaona ufuoni Malindi hayaanzii Malindi. Mto Athi hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, huungana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha hutufikia ukiwa Sabaki na kumwaga baharini udongo wa mashamba ya mbali, huku kwetu karibu na Mambrui. Ramani inayoanzia darajani Sabaki itatugombanisha na majirani bure. Tuchore bonde zima.

Kwanza, kompyuta ingoje. Tandazeni karatasi kubwa chini ya mwembe. Wavuvi, wakulima wa kando ya mto na akina mama wanaochota maji waseme wenyewe: kiboko hupita wapi, ukingo umelika wapi, mto ulihama mwaka gani. Majina ya mahali yaandikwe yanavyotamkwa pale pale. Hapa msiharakishe hata kidogo. Mara nyingi nimeona wazee wakikaa kimya mbele ya skrini, lakini mbele ya karatasi wakanyang'anyana kalamu.

Pili, fungueni uMap, tovuti ya kutengenezea ramani. Ni ya bure na imejengwa juu ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Wekeni mto katika tabaka lake (karatasi angavu juu ya ramani, unayoweza kuiwasha au kuizima), na alama za watu katika lao. Kila alama ipate picha, tarehe na sentensi mbili za aliyeitaja.

Mkiingiza nukta kwa tarakimu, latitudo yetu ni ya kusini, kwa hiyo huanza na alama ya kutoa: -3. Mkiisahau, mlango wa Sabaki utahamia upande wa Mandera.

Kiungo cha kutazama kisambazeni kwa wote. Cha kuhariri kibaki kwa wawili watatu.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, matope huja kwetu Mambrui miezi fulani, mingine huenda Malindi. Tutaonyeshaje?
— Kusi huyasukuma kwenu, kaskazi huyaleta kusini hadi kwenye hifadhi ya bahari. Chora tabaka mbili, mtazamaji awashe moja azime nyingine.

Nikiweka shamba langu, si watanijua?
— Watakujua, mama. Weka alama kijijini, si mlangoni pako, na jina usiandike.

Na huko Baricho nikikosa bando?
— Pakua ramani kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu isiyohitaji mtandao, ukiwa mjini. GPS ya simu haili bando. Weka alama zako, zitoe kama faili ya GPX (faili inayobeba nukta za mahali), ukirudi uziingize uMap.