Somo: kubadilisha katriji ya pleya ya santuri, soma kabla hujatoa pesa

Asalaam aleikum jamaa wa santuri. Nimeandika hili somo manake watu wa hapa Lamu na Malindi huniuliza sana wanunue katriji gani, yaani kile kidude cha mbele ya mkono kinachoshika sindano, na mie kabla ya kujibu hutaka kujua vitu viwili, pleya yako ni ya namna gani na santuri zako ni zipi. Bei ni jambo la baadaye.

Hatua ya 1, angalia mkono wa pleya. Kama mbele kuna hedisheli, kile kichwa cha mkono, yenye tundu mbili za skrubu zilizoachana milimita 12.7, na nyuma kuna uzito wa kuzungusha, uko sawa, katriji nyingi zitaingia. Kama katriji inachomekwa kama plagi basi hiyo ni P-mount, imepangiwa iegemee santuri kwa gramu 1.25, tafuta ya aina hiyo hiyo.

Hatua ya 2, amplifaya. Katriji za MM (ndani yake inatikisika sumaku) hutoa kama milivolti 3 mpaka 5, MC (inatikisika koili) nyingi ni 0.2 mpaka 0.5 tu, kwa hivyo ukiitia MC kwenye mlango wa fono wa kawaida, ule wa kuchomekea pleya, utaskia muimbaji kama yuko ng'ambo, Manda, na wewe uko gatini Lamu. Mimi nasema kaa na MM, zile pesa za priampu ya MC, ya kuikuzia sauti, ziweke kwenye sindano bora.

Hatua ya 3 ndo yenyewe, sindano. Audio-Technica wana VM95, mwili mmoja lakini sindano inachomoka, kuna C ambayo ncha yake ni duara, E ya yai, kisha EN, ML na SH ambazo zimechongwa vizuri zaidi. Unanunua E leo, Mungu akijaalia mwakani unanunua sindano ya ML peke yake unachomeka hapo hapo, hufungui skrubu hata moja. Ortofon 2M Red nayo hupokea sindano ya Blue. Sasa sikizeni, wengi wetu tuna zile santuri ndogo za mwendo wa 45 za taarab, za lebo ya Mzuri ya Mombasa na wenzake, zimepigwa harusini na majumbani miaka na miaka kwa sindano za duara mpaka mifereji imechoka. Ukipiga tena na duara unapita pale pale palipolika. ML ni nyembamba, inagusa ukuta wa mfereji mahali pengine, na mara nyingi inakuta pahali hapajaguswa, udi unaanza kuskika uzi kwa uzi na ile sauti ya kukwaruza kwenye herufi ya S inapungua. Si kila santuri itapona, na uchafu wa chini nao utauskia, kwa hivyo osha kwanza. Kampuni yenyewe inahesabu E masaa 300 na ML masaa 1000, pigeni hesabu wenyewe ghali ni ipi.

Hatua ya 4, kufunga. Nyaya nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu ni za kushoto. Uzito wa sindano kuegemea santuri, kwa VM95 ni gramu 2, 2M Red 1.8, na usipunguze ukidhani unaihurumia santuri, sindano iliyo nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na hiyo ndo inayokata. Mizani ndogo kama za masonara inatosha, ila sahani yake isiwe ya chuma, itavutwa na sumaku ya katriji. Karatasi ya kupimia pembe ya katriji ukiiprinti saiba mwambie kijana aitoe asilimia 100, kisha uipime kwa rula.

MASWALI

Swali, Malindi: Pleya yangu ni ile ya mkoba, naeza kufunga VM95E?
Jibu: La mwanangu. Hizo zina katriji ya seramiki, huegemea kama gramu 5 na mkono hauna uzito wa kurekebisha. Badilisha sindano tu, pesa nyingine weka akiba ya pleya.

Swali, Shela: Ami, babu katuachia santuri nzito za mwendo wa 78, za kina Siti binti Saad yule muimbaji wa taarab, E itafaa?
Jibu: Haifai kabisa, na hizo zitunzeni sana, Siti alianza kurekodi na kampuni ya HMV kule Bombay 1928. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya LP, zile santuri za kawaida za mwendo wa 33, inazama chini na kuokota kelele. Mwili huo huo wa VM95 una sindano ya SP, ya mil 3 (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi), weka gramu 5. Ukirudi kwenye LP rudisha na uzito.

Swali, Lamu mjini: Nimefunga vizuri lakini upande wa kushoto unakatakata, hasa wakati huu wa kusi.
Jibu: Chumvi hiyo. Zima amplifaya, vuta vile vishikizo vinne vya nyaya kimoja kimoja kwa koleo ndogo, futa vijiti vya katriji kwa pamba na spiriti, uache vikauke ndo urudishe. Na pleya isikae dirisha la baharini.