SOMO: Tarbia naianzia chini, kibwagizo kwanza

Wadau, mmeniuliza sana vile mimi huunda mashairi yangu, nikaona heri niweke hapa tumalize. Hii ni tarbia, mishororo minne, kila mmoja mizani 16 (yaani silabi), nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili.

Hatua ya 1. Anza na mshororo wa nne. Najua shuleni tulifundishwa kushuka kutoka juu lakini kibwagizo ndicho kitarudi kila ubeti, kikiwa chepesi shairi lote linalegea. Kiimbe kwa sauti mara kadhaa, ukikichoka tupa.

Hatua ya 2. Vina, zile silabi zinazofanana katikati na mwisho wa mishororo. Hapa ndio watu hujilegeza, -ni inaingia popote, sokoni, nyumbani, ziwani, unajaza ukurasa bila kufikiria. So mimi huweka kina kigumu katikati, hapa -sa, kinilazimishe kusaka neno (Dunga ni ufuo wa ziwa Kisumu):

Dunga kumekucha sasa, mitumbwi yarudi pwani
Wamama washika pesa, beseni ziko kichwani
Bei yapanda kabisa, hela sina mfukoni
Ewe ziwa la Kisumu, usitunyime samaki

Hatua ya 3. Hesabu mizani kwa mdomo na vidole, macho yanadanganya.

Hatua ya 4. Zikizidi, finya: "aliyesema" iwe "alosema". Lakini ukifinya kila mstari shairi linasomeka kama SMS ya mtu hana kredo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, "hela sina mfukoni" mbona napata saba?
Jibu: Ile m inasimama peke yake, he-la-si-na-m-fu-ko-ni, nane. Lakini "mitumbwi" ni mi-tu-mbwi, hapo usiikate.

Swali: Unatuonya na -ni halafu umeimwaga ubeti mzima?
Jibu: Dada yangu, sijakataza, ila usiiweke pande zote mbili. Ubeti wa pili nahama kabisa, vina vipya, hiyo ndiyo ukaraguni.

Swali: Na kibwagizo kuishia -mu na -ki si kinavunja vina?
Jibu: Hapana, kinaruhusiwa kuwa na vina vyake, bora visibadilike hadi mwisho.

Swali: Omera, naweza ingiza Dholuo? Nataka kusema Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria.
Jibu: Weka! "Ewe Nam Lolwe letu", e-we-Na-m-Lo-lwe-le-tu, nane kamili. Mimi hiyo m ya Nam naipa mizani yake, kuna wazee watakataa, wacha wakatae.