Jinsi ya kuichambua 68,800 bila kikokotoo

Watoto wangu wa tuisheni hapa Igogo wakiona namba ya tarakimu tano wanakimbilia simu. Mimi simu naziweka mezani kwangu. Nawapa kalamu na 68,800, ambao ndio ukubwa wa Ziwa Victoria kwa kilomita za mraba, kwa makadirio.

Anza na mkia. Inaishia na 0, basi ni shufwa, na 5 na 10 zinaigawa. Jumlisha tarakimu: 6 + 8 + 8 = 22. Hiyo 22 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3, 6 na 9 zifute kabisa.

Sasa tafuta vigawo tasa, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Watoto wa Mwanza nawaambia tunatafuta mapanki, yale mabaki ya samaki: minofu yote itoke, ubaki mfupa. 68,800 ni 688 × 100. Mia ni 2² × 5². 688 igawe kwa 2 mfululizo: 344, 172, 86, 43. Simama hapo. 43 haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, na 7 × 7 tayari ni 49, imeshapita. Basi 43 ni tasa. Andika:

68,800 = 2⁶ × 5² × 43

Ukishaupata mstari huu, mengine unayasoma humo humo. Unataka idadi ya vigawo? Chukua vipeo 6, 2 na 1, kila kimoja kiongeze 1, kisha zidisha: 7 × 3 × 2 = 42. Kwa nini uongeze 1? Kwa sababu unapounda kigawo unaweza kuiacha 2 kabisa, au kuichukua mara moja, mara mbili, hadi mara sita. Hizo ni njia saba. Wengi hukariri kanuni bila kuuliza hili, na mtihani ukigeuza swali kidogo wanakwama.

Je, ni namba mraba? Hapana, maana kipeo cha 43 ni witiri. Izidishe kwa 43 upate 2,958,400, ambayo ni 1,720 × 1,720.

Jumla ya vigawo vyote: (1 + 2 + 4 + … + 64) ni 127, (1 + 5 + 25) ni 31, (1 + 43) ni 44. Zidisha: 173,228. Toa namba yenyewe, zinabaki 104,428. Vigawo vimeizidi namba, tofauti na 28, ambayo vigawo vyake vidogo, 1 + 2 + 4 + 7 + 14, vinarudisha 28 ile ile. Namba za aina hiyo ni adimu: baada ya 8,128 inayofuata ni 33,550,336.

Jizoeze na 1,134, kimo cha ziwa letu kwa mita juu ya usawa wa bahari. Vigawo vyake ni 20. Ukipata pungufu, rudia kugawa kwa 3.